Ombi Lisiloomba

Jirani anaomba chumvi, muumini anaomba dua, mkosaji anaomba radhi, na mhitimu wa uhasibu anaomba kazi. Kiswahili kimewapa wote kitenzi kimoja, na kitenzi hicho huja na mgongo uliopinda na sauti ya chini. Ndiyo maana barua nyingi za maombi ya kazi husomeka kama zimeandikwa na mtu aliyekwama njiani bila nauli. "Kwa heshima na taadhima naomba unifikirie." "Nitashukuru sana endapo ombi langu litapokelewa." "Natanguliza shukrani zangu za dhati." Sarufi haina kosa, adabu imejaa tele, ila kazi yenyewe haionekani popote. Aliyetoa tangazo hagawi sadaka. Ana pengo: karani wake ameondoka na marejesho ya mikopo hayajaingizwa kwenye leja tangu mwezi uliopita, au mali inapungua stoo na hakuna anayejua inapotelea wapi. Anapofungua bahasha au barua pepe anatafuta jibu la swali moja tu: je, huyu ataniondolea tatizo hili? Barua inayofaa humjibu kama shahidi anavyojibu mahakamani, kwa kutaja alichokifanya, wapi, lini na kiasi gani. Mengine yote kwenye karatasi ile ni mapambo ya mlango.

Tabia hii ya kupiga magoti tuliipata shuleni, na haifai kumlaumu mwalimu. Barua rasmi ni sehemu ya somo la Kiswahili katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya, na mwanafunzi huelekezwa viungo vyake: anwani mbili, tarehe, salamu, mada inayotanguliwa na YAH au KUH, au MINT kwa baadhi ya Wakenya, kisha kiini, hitimisho, sahihi na jina. Sasa, kijana wa miaka 17 anayeandika barua ya kuomba ukarani kwenye mtihani hajawahi kuwa karani. Kiini cha barua yake lazima kiwe cha kubuni, na mtahini hawezi kugawa alama kwa ukweli wa jambo lililobuniwa. Anagawa alama kwa viungo na kwa lugha. Mwanafunzi anatoka hapo akiamini kwamba barua ni viungo vyake, na miaka 5 baadaye, akiwa na mambo ya kweli ya kusema, bado anafungua kwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu", sentensi inayomwamuru mkurugenzi ahusike na kichwa cha habari kana kwamba alikuwa na mpango wa kuhusika na kingine. Akishindwa kuandika mwenyewe, anakwenda steshenari. Mwenye duka ana barua moja kwenye kompyuta yake. Hubadilisha jina, tarehe na kampuni, na kutoza bei ya kuchapa ukurasa mmoja. Siku akisahau kubadilisha jina la kampuni, barua inafika kwa mwajiri ikiwa na mapenzi ya dhati kwa mshindani wake.

Hata hivyo umbo hilo lina mahali pake. Anayeomba kazi katika utumishi wa umma Tanzania hupeleka maombi yake kupitia mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira, na matangazo ya Sekretarieti husema wazi kinachotakiwa: barua iliyosainiwa, iliyoelekezwa kwa Katibu, kwa Kiswahili au Kiingereza, pamoja na wasifu wenye majina ya wadhamini watatu na vyeti vyenyewe, kwani hati za matokeo pekee hazikubaliwi. Jina lililo kwenye barua lifanane na lililo kwenye vyeti na kitambulisho cha NIDA; likitofautiana, pawe na hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo. Huko, nafasi chache zinapogombewa na umati, kinachomchuja mtu mwanzoni ni vyeti, kisha usaili wa kuandika. Barua hufungua geti na kazi yake huishia hapo. Asiyesaini anaweza kutolewa. Aliyeandika kwa ufasaha wa ajabu haongezewi alama kwenye mtihani. Ni vizuri kulisema hili mapema, kwa sababu washauri wengi huahidi kwamba barua nzuri hufungua kila mlango. Inafungua milango ya aina fulani: SACCOS, shule binafsi, zahanati, hoteli, kampuni ya usafirishaji, shirika lisilo la kiserikali, kiwanda kidogo, yaani kila mahali ambapo mtu mmoja au wawili wenye uchovu wanasoma karatasi kwa macho yao na kuamua nani aitwe. Ajira za namna hiyo hazitangazwi kwa kishindo, lakini ndizo wengi wetu tunazozipata.

Kwa msomaji huyo mwenye uchovu, barua huanza kuandikwa wakati tangazo linasomwa. Tangazo lina sehemu mbili ambazo kila mtu huzisoma, sifa za mwombaji na mshahara, na moja ambayo wengi huipitia juu juu, majukumu ya kazi. Tunasoma sifa ili tujue kama tunaruhusiwa kuomba. Tunasoma mshahara kwa sababu zinazojulikana. Majukumu tunayaona kama maelezo ya baadaye, ya siku ya kuripoti kazini, wakati hayo ndiyo malighafi ya barua. Sifa zinasema nani anaruhusiwa kuingia uwanjani. Kila anayeomba kwa haki anazo, kwa hiyo kuzirudia kwenye barua ("nina shahada ya uhasibu kama tangazo lilivyotaka") ni kumwambia mwajiri kwamba unafanana na wenzako mia. Majukumu yanasema nini kinamuuma. Tangazo likitaja "kufuatilia wakopaji waliochelewesha marejesho" kabla ya jukumu lingine lolote, huhitaji kuwa mchawi kujua kwamba aliyelitoa ana mikopo chechefu.

Tuchukue mfano wa kubuni. SACCOS ya wafanyakazi inatafuta karani wa mikopo, na jukumu la kwanza ni hilo la kufuatilia marejesho. Mwombaji wa kwanza anaandika: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo." Hakuna neno hapo linaloweza kuhakikiwa. Mwizi naye huandika kwamba ni mwaminifu, tena kwa mwandiko mzuri. Na hilo "shinikizo" limetafsiriwa neno kwa neno kutoka barua za Kiingereza. Mswahili angesema anamudu kazi hata inapobana. Mwombaji wa pili anaandika: "Katika miezi 3 ya mafunzo kwa vitendo kwenye SACCOS ya walimu, nililinganisha leja za wanachama 240 na taarifa ya benki. Nilikuta wanachama 17 ambao makato yao yalikuwa yamefanywa kwenye mshahara lakini hayajaingizwa kwenye mikopo yao. Niliandaa orodha, nikaipeleka kwa mhasibu, na hadi naondoka 14 kati yao walikuwa wamerekebishiwa." Hajasema ni mwaminifu wala mchapakazi. Msomaji ndiye anayelisema, kimoyomoyo, na mtu huamini zaidi hitimisho alilolifikia mwenyewe kuliko lile aliloletewa. Tazama pia kwamba hakudai ameiokoa SACCOS. Alitaja 14 kati ya 17, na hao watatu waliobaki ndio wanaofanya hesabu nzima iaminike.

Aya mbili za namna hiyo zinatosha. Barua isizidi ukurasa mmoja. Itaje mwanzoni nafasi unayoomba na mahali ulipoliona tangazo, kisha iingie moja kwa moja kwenye jambo lako lenye uzito kuliko yote. Imalizie kwa kusema lini unaweza kuanza na nani anaweza kuthibitisha ulichokisema. Ielekezwe kwa cheo sahihi. Isinakili wasifu, kwa kuwa wasifu umeambatishwa na msomaji anao: wasifu huorodhesha kila ulikopita, barua huchagua pale panapohusu shida yake na kueleza kilichotokea hapo. Iandikwe kwa lugha ya tangazo. Kwa Mtanzania anayeruhusiwa kuchagua, Kiswahili safi ni salama kuliko Kiingereza cha kuazima, ingawa Nairobi na katika mashirika ya kimataifa Kiingereza bado ndicho kinachotarajiwa.

Je, kuna ushahidi kwamba haya yote hubadilisha chochote, au ni nasaha tu za watu wenye kazi kwa watu wasio nazo? Upo, na mmojawapo umetoka jirani. Addis Ababa, ambako kwa miaka mingi wanaotafuta kazi wamekuwa wakisafiri hadi katikati ya jiji kusoma mbao za matangazo, timu ya wachumi iliwagawa vijana kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa nauli ya kwenda mjini kutafuta kazi. Kundi lingine lilipelekwa kwenye warsha: walipimwa ujuzi wao kwa mitihani, wakapewa cheti cha matokeo, na wakafundishwa kuandika wasifu, kuandika barua ya maombi na kujieleza kwenye usaili. Mwanzoni misaada yote miwili ilisaidia. Nauli ilimfikisha mtu mbele ya tangazo. Lakini watafiti waliporudi baada ya miaka 4, athari ya nauli ilikuwa imeyeyuka, wakati waliopita kwenye warsha walikuwa wakipata kipato kikubwa zaidi na wakidumu zaidi kazini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Ni kweli kwamba warsha haikuwa barua peke yake. Cheti cha ujuzi kilikuwemo, na haiwezekani kusema barua ilichangia fungu gani. Ila ukitazama vitu vyote vilivyokuwemo, vinafanana kwa jambo moja: vilimpa mwajiri kitu cha kushika mahali pa sifa za maneno matupu.

Ushahidi wa pili unatoka Afrika Kusini. Watafiti watatu walipeleka maombi ya kazi kwa waajiri, baadhi yakiwa na barua ya mwajiri wa zamani iliyoambatishwa na mengine bila hiyo. Waliripoti mwaka 2020 kwamba maombi yenye barua hiyo yaliitwa kwa asilimia 60 zaidi, na waliofaidika hasa walikuwa wanawake. Barua ile haikuwa ya mwombaji mwenyewe, kwa hiyo pengine msomaji atauliza inahusu nini hapa. Inahusu sana. Inaonyesha kwamba kinachopungua kwenye meza ya mwajiri ni habari za kuaminika, na kwamba neno la mtu mwingine juu ya kazi yako lina uzito ambao sifa unazojipa haziwezi kuufikia. Wengi wetu tunaondoka kazini bila kudai karatasi yoyote ya mwajiri, ilhali sheria iko upande wetu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema vivyo hivyo. Cheti hicho hakilazimiki kukusifu, lakini kinathibitisha kwamba ulikuwepo na ulishika kazi ipi. Barua yako ikieleza jambo na cheti kikithibitisha mahali na tarehe, umeshakuwa na shahidi wa pili.

Sasa pingamizi, na zito kuliko yote ni la kujuana. Kazi hutolewa kwa wenye wajomba, watu husema, na barua za wengine huishia kufungia maandazi. Wanaosema hivyo hawajazua. Upo upendeleo unaoudhi, na barua nzuri haiuondoi. Lakini kujuana si jambo moja. Upo mjomba anayemwingiza mpwa wake asiyejua kitu, na yupo pia mwenye hoteli anayemuuliza mpishi wake kama anamfahamu mtu anayeweza kushika mapokezi, kwa sababu amechoka kubahatisha na watu asiowajua. Huyu wa pili hatafuti ndugu. Anatafuta uhakika, na anautafuta kwa watu anaowaamini kwa sababu barua alizonazo mezani hazimpi. Hapo ndipo ushahidi wa maandishi unaposhindana na mjomba. Na matokeo ya Addis Ababa yanaongeza neno: faida ya warsha iliwaendea zaidi wale ambao kwa kawaida soko la ajira huwaacha nyuma. Mwenye mjomba ana wa kumsemea. Asiye naye hana msemaji ila karatasi, kwa hiyo ana sababu kubwa zaidi ya kuifanya iseme kitu.

Pingamizi la pili limo ndani ya utamaduni wetu, na mimi naliheshimu kuliko la kwanza. Tumelelewa kuamini kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na anayejisifu mbele ya wakubwa amekosa malezi. Methali hiyo ilitungwa mahali ambapo wanunuzi walikiona kitu chenyewe. Jirani alikuona ukilima, fundi mkuu alikuona ukishika randa. Meneja wa rasilimali watu hajakuona popote, na kizuri kilichofichwa kabatini hakijiuzi kwa mtu aliye mji mwingine. Zaidi ya hapo, kutaja ulichokifanya si kujisifu. Kujisifu ni kudai daraja: bora, hodari, wa kipekee. Anayesema "nilishona mashati 30 ya sare kwa wiki" ameeleza jambo linaloweza kuulizwa na kujibiwa, na anaweza kulisema bila kuinua sauti. Kwa kweli barua ya vivumishi, ile inayoonekana nyenyekevu kwa sababu imejaa "naomba" na "tafadhali", ndiyo inayojisifu zaidi. Hesabu tu ni mara ngapi mwandishi wake amejiita mwaminifu.

Vijana watauliza: na asiye na uzoefu ataandika nini? Swali hili hujengwa juu ya dhana kwamba uzoefu ni kile kilicholipwa mshahara. Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi, ni uzoefu, ilimradi ulifanya kitu zaidi ya kutumwa kununua chai. Kujitolea kufundisha hisabati katika shule ya kata ni uzoefu, hasa ukitaja darasa lilikuwa na wanafunzi wangapi. Hata kutunza daftari la madeni la duka la familia kunamfaa anayeomba ukarani, mradi aeleze alivyolitunza na asilipachike jina la kifahari. Kibaya ni kukuza. Mtu aliyesaidia kugawa vyandarua kijijini kwao akijiita mratibu wa mradi ataulizwa bajeti ya mradi, naye hataijua. Na kama kweli hakuna chochote cha kutaja, hakuna ufundi wa barua utakaoziba nafasi hiyo. Dawa yake ni kutafuta mwezi mmoja wa kufanya jambo dogo linalohusiana na kazi anayoitaka, halafu kuandika.

Limebaki pingamizi jipya, la akili mnemba, au akili unde kama wengine waiitavyo. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, barua isiyo na kosa hata moja inaweza kupatikana kwa sekunde chache, na steshenari imepata mpinzani. Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence alieleza kwa nini waajiri hutazama ishara kama vile elimu: ishara ina thamani pale inapomgharimu kidogo mwenye uwezo na kumgharimu sana asiye nao. Kazi hiyo ilimpa sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 2001. Kwa mantiki yake, ufasaha ulikuwa ishara. Sasa kila mtu anao, kwa hiyo umepoteza bei. Watafiti waliochunguza masoko ya vibarua vya mtandaoni, ambako mwombaji huandika barua fupi kwa kila kazi, wameona dalili hiyohiyo: zana za kuandikia zilipoenea, barua iliyolishwa maneno ya tangazo ilipungua uzito, na waajiri wakageukia rekodi ya kazi zilizokwisha kufanywa. Wapo wanaohitimisha kwamba barua imekufa. Mimi naona kilichokufa ni ile barua ya steshenari, na msiba wake hauna mfiwa. Mashine inajua kila sentensi iliyowahi kuandikwa kuhusu uchapakazi. Haijui kwamba makato ya wanachama 17 hayakuingizwa. Ukiipa habari hizo itakupangia vizuri, na sioni aibu katika kuitumia kusahihisha hijai. Usipoipa, itabuni, na utakuwa umetia sahihi yako chini ya maisha ya mtu ambaye hayupo.

Sahihi hiyo haiishii siku ya kutuma. Wengi hudhani barua husomwa mara moja, mwanzoni, kisha ikafunikwa na vyeti. Mara nyingi husomwa tena siku ya usaili, ikiwa mezani mbele ya watu watatu, na msaili asiyejua aanzie wapi huanzia palipo na kitu cha kushika. Kwa yule mchapakazi, mwaminifu, ataanza na "hebu jieleze", swali ambalo limewatoa jasho watu wazima. Kwa yule wa pili atashusha macho kwenye aya ya kwanza na kuuliza: hao watatu waliobaki, shida yao ilikuwa nini?